Pua ya Mpika Udi

Mpika udi hodari hujulikana pale sukari inapoanza kubadilika rangi. Sufuria iko motoni, maji na sukari vimeshashikana na kuwa shira nzito, na kutoka rangi ya asali hadi wekundu wa kuungua nafasi ni ndogo mno. Akiepua mapema, udi utabaki unanata na utaharibika koponi. Akichelewa, utatoa ukakasi kila utakapotiwa kwenye makaa. Yeye hatazami saa wala hashiki kijiko cha kupimia. Anainama, ananusa mvuke, anangoja, ananusa tena, kisha mkono unakwenda wenyewe kwenye sufuria. Ndipo vinapoingia vipande vya udi na sandali, na moto ukishatulia, misiki, ambari, marashi ya waridi na mafuta mazuri, kila kimoja kwa kiasi anachokijua yeye.

Kazi hii inafanyika majumbani kote Pemba, na kwa sababu inafanywa zaidi na wanawake, tena uani, imezoeleka kuitwa mambo ya nyumbani. Mimi naihesabu kuwa ufundi uliokamilika, wenye wanagenzi wake na mabingwa wake, kama ulivyo useremala wa milango au uundaji wa majahazi. Na ndani ya ufundi huo ninachokistahi kuliko vyote ni kile kisichoonekana kwa macho, yaani kupambanua: kuziweka harufu mbili mbele ya pua, kuzipa muda, na mwisho kusema hii inafaa na ile haifai, na sababu yake ni hii. Nimeuona upambanuzi huo ukifanywa juu ya manukato mawili ya ghali yaliyotoka mbali kabisa na Pemba, na nilichokiona kimenifanya niamini kwamba pua iliyolelewa kisiwani humu ina la kumfundisha mnunuzi yeyote wa Paris au Dubai.

Pua hiyo haikuibuka hivi hivi. Mtoto wa Pemba hukua ndani ya harufu. Msimu ukiiva, karafuu zinaanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na mtu aliyefumba macho anaweza kukwambia kama zimeanikwa leo au zimekwisha kukauka, kwa sababu karafuu mbichi ina ubichi wa jani uliochanganyika na ukali, na iliyokauka ina utamu mzito unaokaa kooni. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kikaisalimisha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Vizazi kadhaa vimechuma, vimechambua na vimeanika, na katika kuchambua ndipo tundu za pua zinapofundishika, maana mwenye kuchambua hukaa na harufu moja saa nyingi mpaka akaanza kuzisikia tofauti zilizomo ndani yake.

Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo hayatupwi. Yanapelekwa Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kwenye kiwanda ambacho Wapemba wanakiita kwa jina la kazi yake, Kiwanda cha Makonyo. Pale mvuke hupitishwa ndani ya makonyo, ukabeba mafuta, ukapozwa ukarudi kuwa maji, na mafuta yakajitenga. Aliyezoea kuona mafuta ya nazi yakielea hushangaa, kwa sababu mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji na huzama chini. Kiwanda hichohicho hukamua pia mafuta ya mchaichai, ya mkaratusi na ya majani ya mdalasini.

Kitu kinachoipa karafuu harufu yake kinaitwa yujeno, na ndicho sehemu kubwa ya mafuta hayo. Mtu anayeshika chupa ya manukato ya Ulaya na kudhani ameshika kitu kigeni kabisa, naomba aligeuze boksi lake na asome maandishi madogo ya chini. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 ilitaja viungo 26 vya harufu ambavyo vinaweza kuwadhuru baadhi ya watu ngozini, ikaamuru viandikwe kwenye boksi vinapozidi kiwango fulani. Yujeno imo. Mara nyingi utaiona pale, Eugenol, katikati ya majina ya kikemia yanayotisha. Siwezi kusema imetoka Wawi, maana Indonesia na Madagaska zina karafuu nyingi zaidi kuliko sisi. Lakini harufu ni ileile ya jamvi la nyumbani. Wafaransa waliijenga harufu ya ua la bustanini mwao, lile wanaloliita œillet, juu ya yujeno. Bellodgia ya nyumba ya Caron, ya mwaka 1927, ni manukato ya ua hilo. Hata vanila ya viwandani ilitengenezwa kwa miaka mingi kutokana na mafuta ya karafuu kabla hazijapatikana njia rahisi zaidi.

Na kabla ya karafuu kulikuwa na ambari. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria aliyetoka Baghdad, aliipita bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, akaandika habari za kisiwa cha Qanbalu na za ambari iliyookotwa kwenye fukwe za nchi ya Zanji, yaani pwani yetu hii. Wanaakiolojia wengi wanaiona Qanbalu kuwa ni Pemba, na wengine wanaelekeza moja kwa moja Ras Mkumbuu, ambako magofu ya msikiti wa zamani yanatazama bahari hadi leo. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, ikaelea miaka baharini ikipigwa na jua na chumvi mpaka uvundo wake ukageuka utamu. Kwa hiyo miaka elfu moja iliyopita mtu wa kisiwa hiki alikuwa akiokota ufukweni kitu ambacho leo watu wa maabara wanahangaika kukiiga, na akijua wazi kipi ni ambari na kipi ni uchafu wa bahari. Sidhani kama alikuwa na kipimo kingine zaidi ya pua yake na kaa la moto.

Sasa nije kwenye hizo chupa mbili. Mtoto wa ami yangu anaishi Maskati, kama walivyo Wapemba wengi ambao familia zao zimegawika baina ya Oman na huku. Mdogo wake alikuwa anaoa Wete. Akataka kuwaletea maharusi chupa moja ya manukato, ya bwana na ya bibi kwa pamoja, wasigawane kila mmoja na yake. Alikuwa amebakiwa na mawili, hajui achukue lipi: Baccarat Rouge 540 au Oud Wood. Bei zao si za mchezo. Chupa ya mililita 70 ya hiyo ya kwanza inazidi dola 300 za Marekani, na ya pili haiko mbali nayo. Akafanya jambo la busara. Alipata vichupa vidogo vya kujaribia vya yote mawili, akampa abiria aliyekuwa anakuja, na ujumbe ukafuata kwenye simu: “Mpelekee shangazi. Atakalosema yeye ndilo nitakalonunua.”

Shangazi ndiye mpika udi niliyemweleza mwanzo. Hajawahi kuyasikia majina hayo mawili, na hakutaka nimwambie habari zake. “Ukinambia bei, mwanangu, pua itainusa bei,” alisema. Nikanyamaza. Lakini msomaji anastahili kujua alichokuwa nacho mkononi.

Baccarat Rouge 540 ni kazi ya Francis Kurkdjian, Mfaransa mwenye asili ya Armenia, aliyepata jina mwaka 1995, akiwa kijana bado, kwa kuitengenezea nyumba ya Jean Paul Gaultier manukato ya Le Male. Mwaka 2014 kiwanda cha vioo cha Baccarat kilikuwa kinatimiza miaka 250, kikamwagizia manukato ya kuadhimisha, yakatoka kwa chupa 250 za kioo. Mwaka uliofuata nyumba ya manukato ya Kurkdjian mwenyewe ikayaingiza sokoni kwa watu wote. Ile namba 540 ni nyuzi za joto ambapo kioo chenye unga wa dhahabu hugeuka chekundu. Nyumba yenyewe hutaja yasmini, zafarani, mwerezi na ambari. Wavaaji wengi husema kwa lugha nyepesi zaidi: sukari iliyoungua.

Oud Wood ni ya Tom Ford, Mmarekani aliyeongoza ubunifu wa Gucci na Yves Saint Laurent kabla ya kuanzisha jina lake mwenyewe. Ilitoka mwaka 2007 katika mkusanyiko wake wa kwanza wa manukato ya kifahari. Alikuwa ameshaijaribu njia ya udi kule Yves Saint Laurent mwaka 2002, alipotoa M7, manukato ya mwanzo makubwa ya nyumba ya Ulaya kuutanguliza udi. Magazeti ya urembo yaliandika kama kwamba udi umevumbuliwa mwaka huo. Mti wake, ule unaoota Assam, Kambodia na visiwa vya Indonesia, ambao hutoa utomvu wa harufu ukishajeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, ulikuwa umeshafukiza nyumba za pwani yetu kwa karne nyingi. Katika Oud Wood udi umezungukwa na hiliki, pilipili, sandali na mbao nyingine kavu.

Yote mawili hutangazwa kuwa ni ya wanaume na wanawake. Ulaya jambo hilo limekuwa likienda na kurudi: Jicky ya Guerlain, ya mwaka 1889, ilivaliwa na wote, kisha karne ya 20 ikajenga ukuta kati ya rafu ya kike na ya kiume, hadi CK One ya mwaka 1994 ikafanya biashara kubwa kwa kuuvunja. Huku kwetu ukuta huo haukujengwa juu ya chupa. Chetezo kimoja hufukiza kanzu ya baba, kanga za mama, shuka za kitanda na nywele za binti. Mafuta mazuri ya waridi hupakwa na mzee anayekwenda Ijumaa, na ni hayohayo anayopaka bibi harusi. Mipaka yetu iko mahali na wakati. Mwanamume hutoka na harufu yake hadi msikitini, na mtu akimnyooshea kichupa hapaswi kukikataa, ndiyo sunna. Mwanamke hujipamba kwa harufu ndani ya nyumba yake na penye shughuli za wanawake wenzake, na barabarani huiweka chini. Ndiyo maana ndugu yangu wa Maskati hakuona ajabu kununua chupa moja kwa watu wawili. Wangeitumia saa tofauti na mahali tofauti, na jioni wangekutana nayo pamoja.

Shangazi alianza kwa kuikataa karatasi. Vichupa vilikuja na vikaratasi virefu vyembamba vya kupulizia, kama wanavyotoa madukani. Alivipulizia, akanusa mara moja, akaviweka juu ya meza na kusema karatasi haina damu. Ana haki. Harufu hupanda kwa joto: vilivyo vyepesi hutoka mwanzo, vizito hubaki nyuma, na ngozi ya mtu ndiyo jiko linaloamua mwendo wake. Karatasi haina joto, haina jasho, haina mafuta. Humwonesha mnunuzi mlango wa nyumba tu, na wengi hununua kwa kuona mlango.

Kisha akapulizia ngozini, moja kifundo cha mkono wa kulia, jingine wa kushoto, wala hakusugua. Ukisugua, alisema, unaichosha. Akaondoka akaenda kuchambua mchele. Hilo ndilo somo ambalo muuzaji wa dukani hawezi kumpa mteja, kwa sababu muuzaji anataka mteja aamue akiwa bado amesimama. Robo saa ya mwanzo manukato yote ya ghali ni mazuri. Watengenezaji wametumia fedha nyingi kuhakikisha hivyo. Alirudi kunusa alipomaliza mchele, tena baada ya adhuhuri, na tena alasiri jua lilipokuwa kali. Kila akinusa mkono mmoja, alipumzisha pua kwenye ukosi wa gauni lake mwenyewe kabla ya kuhamia wa pili. Watu wa madukani huweka buni za kahawa kwa kazi hiyo. Yeye anasema pua inapumzika kwenye harufu inayoijua, na hakuna inayojulikana kama yako mwenyewe.

Mkono wa kulia, wenye Baccarat Rouge, ulimfurahisha tangu mwanzo. Alitabasamu. “Huyu amepika sukari,” alisema, “na hajaiunguza.” Nikashtuka, maana hakuwa ameambiwa neno. Alikuwa ameitambua hatua ileile anayoisubiri yeye juu ya sufuria yake, pale utamu unapoanza kuwa na kina na kabla haujawa na uchungu. Kurkdjian na shangazi hawatakutana duniani, lakini wamefika mahali pamoja kwa njia mbili. Mmoja alipita maabara, mwingine uani. Akaitaja na ambari pia, ingawa aliona ni safi mno, haina chumvi. Na hapo pia alisema kweli, kwani ambari nyingi ya manukato ya leo hutengenezwa kutokana na mmea wa ukoo mmoja na mrehani, na haikuwahi kuiona bahari.

Mkono wa kushoto ulimchelewesha. Oud Wood haikumwita. Asubuhi alisema ni kavu. Adhuhuri alisema kuna hiliki, kisha akaunusa mkono tena kwa muda mrefu kuliko alivyofanya kwa ule mwingine. Udi wenyewe aliuona kwa mbali. “Wameupiga pasi,” alisema, akimaanisha kwamba ule ushenzi wa udi halisi, ule unaokaribia harufu ya zizi kabla haujatulia, umenyooshwa ukawa laini. Hakusema kwa kulaumu. Alisema mtu ambaye hajazoea udi angeupokea hivyo kwanza.

Alasiri joto lilipopanda ndipo tofauti ilipokua. Ile ya sukari ilifura. Ilitangulia mbele yake chumbani na ikabaki nyuma alipotoka, mpaka wajukuu wakauliza nani kapika kashata. Na jambo la ajabu, yeye mwenyewe alikuwa hausikii tena vizuri mkono wake wa kulia. Wavaaji wengi wa manukato hayo husimulia hivyo: pua ya mwenye kuvaa huchoka na kunyamaza, huku waliomzunguka bado wanayasikia kwa nguvu. Kwa mji wa baridi hilo laweza kuwa jambo jema. Kwa Pemba ya kaskazi, ambako hewa ni nzito na watu hukaa karibu karibu, mvaaji ataongeza akidhani imekwisha, na jirani atataabika. Oud Wood haikufura. Ilikaa karibu na ngozi, na mwenye kutaka kuisikia ilimbidi asogee.

Ningelikuwa mimi, hapo ningeamua. Shangazi alikuwa bado hajafika kwenye mtihani wenyewe.

Siku ya pili alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi wake wa kupika, akatandaza kanga mbili juu ya tenga la kufukizia. Aliacha moshi uingie, akazitoa, akazikung'uta, akazining'iniza mpaka joto la moshi likatoka kabisa. Ndipo alipopulizia manukato, kanga moja kwa kila kichupa, upande wa ndani. Kwake hii ndiyo hoja ya msingi, na nimeifikiria sana tangu siku hiyo: huku kwetu manukato hayavaliwi juu ya nguo tupu. Nguo imeshafukizwa kabla, kichwani kuna mafuta, kwenye kifua cha mwanamke aliyealikwa harusini kuna kikuba cha asumini na mrehani, na mto wa kitandani una maua ya mlangilangi. Chupa inayoingia hapo ni mgeni katika nyumba yenye wenyewe. Hata awe wa heshima namna gani, akishindwa kukaa na wenyeji, hafai. Wanaoandika kulinganisha manukato haya hawakitaji kipimo hicho, kwa sababu wao nguo zao zimetoka kwenye sabuni tu.

Kwenye kanga ya kwanza, sukari ilikutana na sukari. Udi wa kupika una shira ndani yake, na moshi wake tayari ni mtamu. Juu yake ile zafarani na sukari ya Baccarat Rouge ikawa kama maneno yaliyosemwa mara mbili. Dakika chache ilikuwa tamu kupindukia, kisha ikawa inachosha, na udi wenyewe ukapotea chini yake. Nilimwona shangazi akikunja uso kidogo, akaikunja kanga na kuiweka kando.

Kwenye kanga ya pili jambo tofauti lilitokea. Oud Wood, yenye jina la udi, ilipokutana na udi wa kweli iliuacha uongoze. Ule udi wake uliopigwa pasi haukusikika tena. Palipobaki pakasimama hiliki, pilipili na sandali, vitu vikavu vilivyokata utamu wa moshi na kuufanya usikike zaidi. Ilikuwa harufu ambayo sikuwa nimeisikia ngozini wala kwenye karatasi, na haimo ndani ya kichupa. Ilizaliwa pale juu ya kanga. Shangazi aliishika usoni, akavuta pumzi, akanipa. “Hii inajua kukaa,” alisema.

Nikampigia ndugu yangu, nikamweleza yote, na ndipo shangazi alipouliza bei. Alipoambiwa alinyamaza kidogo. Hakusema ni upuuzi, kama nilivyotarajia. Alisema mwenye kutengeneza kitu cha namna ile amekaa kitako miaka, na anastahili chakula chake. Aliongeza kwamba kwa fedha hizo mtu angepata pia tola moja nzuri ya mafuta ya udi kwa muuzaji mwaminifu, ambayo kwa kutumia tone tone ingewafikisha maharusi hao hadi mtoto wao wa kwanza. Sipingani naye. Lakini chupa ile ilikuwa zawadi ya ndugu aliye mbali, na zawadi ina haki ya kutokana na mahali anapoishi mtoaji.

Oud Wood ikanunuliwa, ya mililita 50. Maagizo ya shangazi yalikwenda pamoja nayo. Ikae kabatini katikati ya nguo, mbali na jua na dirisha, maana mwanga huchakaza manukato mapema. Nguo ifukizwe kwanza, ipoe, ndipo ipuliziwe, na kwa ndani, isije ikaacha doa kwenye kanzu nyeupe. Bwana apulizie mara mbili siku ya Ijumaa, bibi mara moja jioni. Na wasinunue ya bei ya chini yenye boksi linalofanana, kwa sababu zile za kuiga alizowahi kunusa huanza na kumaliza kwa sauti moja, na manukato ya kweli lazima yasogee.

Ningependa pia nimtetee yule aliyeshindwa, kwani alishindwa kwenye kanga iliyofukizwa, na si kila kanga hufukizwa. Wapo Wapemba wanaoishi London katika vyumba vya ghorofani ambako ukiwasha kaa dogo tu king'ora cha moshi kinalia jengo zima, na madirisha hayafunguliwi miezi ya baridi. Binti yetu mmoja wa huko ameshakiacha chetezo chake juu ya kabati miaka mingi. Nguo zake hazina wenyeji wa kumpokea mgeni. Kwake yeye Baccarat Rouge ingefanya kazi nyingine: sukari iliyopikwa bila sufuria, ambari bila ufukwe, utamu wa udi wa kupika bila moshi wala moto, na baridi ya kule ingeizuia isifure. Nilimuuliza shangazi kama hayo yanaingia akilini. Alikichukua kile kichupa kilichobaki, akaivuta tena ile harufu, akasema mtoto apelekewe, na apulizie kwenye mtandio wa sufu, maana sufu inashika.